Daftari la Mayo

Mwansabombwe, nchini Zambia, baa ilijaa mwezi ulipojaa. Hilo nililielewa mapema, kabla hata sijajua kusalimia Kibemba sawasawa. Wavuvi wa chisense, dagaa wadogo wa Ziwa Mweru, hufanya kazi usiku wa giza: wanawasha karabai juu ya maji, samaki wanafuata mwanga, wavu unapita chini yao. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, karabai haiwezi kuushinda mwanga huo, na chisense hawakusanyiki. Kwa hiyo kila mwezi palikuwa na siku kadhaa ambazo wanaume wa Nchelenge na Kashikishi hawakuwa na kazi, wana hela mfukoni, na wengi wao kwao ni huku kusini bondeni, kwenye mashamba ya muhogo ya nchi ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Walidandia malori ya samaki, wakateremka barabarani na karabai mkononi, na wachache sana walifika kwa wake zao kabla ya kupitia kwa Mayo, mwenye baa.

Mimi nilifika huko mwaka 1996, kijana niliyemaliza shule bila kujua la kufanya, nikimfuata mjomba wangu wa Mbeya aliyekuwa anauza vitenge. Mzigo ulitoka Kariakoo hadi Tunduma, ukavuka Nakonde, ukapanda lori hadi Kasama, kisha Mporokoso na Kawambwa, kwa vumbi linaloingia mpaka kwenye kope. Baada ya Kawambwa barabara inayapita maporomoko ya Ntumbachushi, ya mto Ng'ona, halafu nchi inaanguka: unatoka kwenye uwanda wenye baridi na mashamba ya chai, unashuka hadi bonde la Luapula, na joto linakupokea Mbereshi. Kutoka hapo nyumba hazikatiki. Kijiji kinashikana na kijiji kandokando ya barabara hadi ziwani, na Mwansabombwe, mji wa Mwata, ndio uliosongamana kuliko yote.

Baa haikuwa na kibao. Ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo iliyoezekwa bati kwa mbele na nyasi kwa nyuma, na mwembe mkubwa uani. Mwenyewe tulimwita Mayo, yaani mama, na sikuwahi kumsikia mtu akimwita vinginevyo, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa mnene wa mabega, mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake kilinishangaza siku ya kwanza. Baba yake alikuwa mchimba shaba Elisabethville, sasa Lubumbashi, na yeye alikulia huko mpaka vurugu za Katanga za mwaka 1960 zilipowarudisha ng'ambo hii ya Luapula. Watu wengi wa bonde hilo wana habari kama hiyo: shaba iliwachukua, siasa ikawarudisha.

Ungeweza kujua hali ya mtu kwa mahali alipokaa. Chini ya mwembe palikuwa pa katubi. Ndani, kwenye mabenchi, palikuwa pa chibuku, ile inayotikiswa kwanza ndipo ifunguliwe. Baraza la nyuma, lenye viti vya mgongo, lilikuwa la wanywaji wa chupa: Mosi ya Zambia na, boti zikiwa zimevuka salama, Simba ya Lubumbashi. Wasiokunywa, kama mjomba wangu ambaye ni Mwislamu, waliwekewa munkoyo, kinywaji kitamu cha unga na mizizi, na hakuna aliyewauliza lolote. Kachasu, gongo ya huko, haikuuzwa. Sheria iliikataza, lakini Mayo alisema hoja yake si sheria: mlevi wa kachasu hakumbuki anachodaiwa.

Nilipenda kukaa kwenye katubi. Ni pombe ya ulezi, lakini haimiminwi kwenye kikombe. Ulezi uliochachuka huwekwa chunguni, unamwagiwa maji ya moto, na kila mtu anachomeka mrija wake wa tete uliosukwa kichujio kwenye ncha ili makapi yasipite. Mnakunywa pamoja, chungu kikipungua mtoto anakuja na birika, anaongeza maji ya moto, na pombe inaamka tena. Ya kwanza ina nguvu na uchachu. Ya tatu ni vuguvugu na laini. Ya tano mnanyonya maneno tu. Chungu kimoja kiliweza kuchukua alasiri nzima, na kwa kuwa mrija ni mfupi, vichwa vyote hukaribiana. Hamwezi kuketi kuzunguka chungu kimoja bila kuongea. Nimeona wenye ugomvi wa nyavu wakikalishwa kwenye chungu kimoja kwa amri ya Mayo, wakinyonya kwa hasira, na birika la tatu likiwakuta wanahesabiana bei za injini.

Waliokuja walikuwa wa makundi matatu. Wa kwanza ni watu wa maji: wavuvi, na mabaharia wa boti za mbao za injini zinazokwenda Kisiwa cha Kilwa, Chiengi, na ng'ambo ya Kongo hadi Pweto na ule mji mwingine unaoitwa Kilwa vilevile. Ziwa Mweru si la kina kirefu, na maji ya kina kifupi huchafuka haraka. Upepo wa kiangazi ukishika kutoka kusini mashariki, mawimbi yanakuja mafupi na ya karibu karibu, na boti iliyojaa mizigo haipati pa kupumua. Mabaharia hao walitembea kwa kujidai na walilipa vizuri, na makafi na visu viliachwa mlangoni.

Kundi la pili ni madereva wa malori ya samaki wanaokwenda Copperbelt. Njia yao ya mkato ilipita Mansa hadi Chembe, ikavuka Luapula kwa pantoni, ikakata kipande cha ardhi ya Kongo kama kilomita 70 hadi Mokambo, ndipo ikaingia Mufulira. Angalia ramani ya Zambia utaona Kongo imechomeka kidole tumboni mwake. Barabara hiyo inapita kwenye kidole. Pantoni ikiharibika, samaki wabichi wanaoza foleni. Vizuizini kila askari alikuwa na ada yake. Madereva walizijua ada hizo kwa kichwa, na kila aliyerudi alitoa bei mpya kabla hajaagiza kinywaji, na kesho yake bei ya samaki Kashikishi ilikuwa imekwisha kubadilika.

Kundi la tatu ni sisi: wauza vitenge, chumvi, nyavu, mitumba na betri, na wanawake wanunuzi wa samaki wakavu, ambao ndio waliokuwa na mtaji kuliko wote ingawa walikaa wakijifanya maskini. Kwao ndiko tulikouzia vitenge. Chisense wakavu walipimwa kwa meda, ule mtungi wa plastiki uliokatwa mdomo, na mwanamke mzoefu alijua kwa kuutikisa tu kama mpimaji ameacha hewa chini.

Lugha zilipishana bila kugongana. Kibemba cha bondeni kilitawala, Kilunda kikabaki cha ikulu ya Mwata, na Kiswahili kilikuja na boti. Wakongomani walimwita mjomba "yaya", kama wanavyomwita kaka mkubwa, na kumpa habari kwa Kiswahili chao cha Katanga: "Samaki iko mingi, yaya, lakini batu habana feza." Mjomba, mtu wa kujivunia Kiswahili sanifu, mwanzoni alikunja uso. Baada ya msimu mmoja alikuwa anasema "habana feza" hata nyumbani kwake Mbeya, na shangazi akimcheka.

Muziki ulitoka kwenye redio kaseti ya betri nane. P.K. Chishala, yule mwimbaji kipofu, alipigwa mpaka utepe ukanyooka. Kalindula, muziki uliozaliwa mkoa huo huo wa Luapula, ulikuwa wa watu wa bonde wenyewe. Wazee wa chupa waliomba Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey kule Jadotville mwaka 1952, akawa maarufu mpaka Nairobi. Alifariki kwa ajali ya gari humo humo Zambia mwaka 1990, na kila baharia wa Kongo alikuwa na maelezo yake ya namna ilivyotokea. Mayo aliruhusu maelezo mawili kwa usiku mmoja, basi.

Lakini baa haikuishi kwa pombe. Iliishi kwa daftari.

Lilikuwa daftari la shule la kurasa mia, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, limefungwa kwa kamba ya wavu. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake. Asiyejua kusoma aliwekewa alama: ndoano, kafi, gurudumu, jicho la samaki. Upande wa kushoto anachodaiwa, kulia anachowadai wengine, na katikati Mayo aliandika kwa penseli aliyemleta. Hapo ndipo palipokuwa na siri ya biashara yake. Mgeni hakukopeshwa mpaka mwenye ukurasa amkalishe kwenye chungu chake. Akishindwa kulipa, nusu ya deni inahamia kwa aliyemleta. Mjomba alikopesha vitenge kwa mabaharia, mabaharia wakavivusha Kongo, wakarudi na mafuta, sabuni au Simba, Mayo akapokea Simba, akamlipa mjomba kwa kwacha alizozipata kwa madereva. Pesa taslimu ilionekana mara moja tu katika mzunguko wote huo. Za Kongo Mayo hakuzigusa. Wakati wa Mobutu ukielekea mwisho, baharia alileta noti za zaire kwenye mfuko wa plastiki na kurudi na kopo la chumvi. Mwaka 1998 faranga mpya ilipoanza, moja ikabadilishwa kwa zaire mpya 100,000, na Mayo akawaambia: "Ninyi badilisheni. Hapa tunahesabu samaki."

Mteja wake niliyempenda kuliko wote alikuwa mwalimu mstaafu wa Mbereshi, kwenye misheni iliyoanzishwa na London Missionary Society mwaka 1900. Alilipia chibuku kwa historia, na Mayo aliyakubali malipo hayo, ingawa aliyaandika.

Kwa mwalimu ndiko nilikosikia kwamba mji huu umezoea kushika wageni. Mwaka 1798 Francisco de Lacerda, gavana Mreno, alikuja kutoka mji wa Tete, Msumbiji, akitafuta njia ya kuunganisha bahari mbili. Aliishia hapa kwa Kazembe, akafa Oktoba mwaka huo huo. Mwaka 1806 waliingia wasafiri wawili weusi wa biashara waliotumwa kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, nao wakazuiwa karibu miaka minne kabla ya kuachiwa waende Tete. David Livingstone alipofika Novemba 1867, muda mfupi baada ya kuliona Ziwa Mweru kwa mara ya kwanza, alimkuta mfanyabiashara Mwarabu, Muhammad bin Saleh, amekaa zaidi ya miaka kumi bila ruhusa ya kuondoka. Livingstone alimwombea, Mwarabu huyo akaachiwa, akahamia Ujiji. Wakati huo mji mkuu ulikuwa bado unahama hapa na pale kando ya dimbwi kubwa la Mofwe. Mwansabombwe yenyewe ilikuja baadaye. Tabia ilihama na mji.

"Kwa nini aliwazuia?" nilimuuliza.

"Mgeni akiondoka anaondoka na bei," alisema. Kisha akaeleza taratibu, kama aliyesimama mbele ya ubao. Pembe, shaba ya Katanga, chumvi na watumwa, vyote vilipita mkononi mwa Mwata. Mfanyabiashara aliyejua njia zote mbili, ya pwani ya mashariki na ya Wareno, alikuwa hatari akiwa huru na faida akiwa mezani. Basi unampa nyumba, unampa chakula, unampokea mzigo wake na kuahidi malipo, na malipo yanachelewa. Mjomba, aliyekuwa akisubiri malipo yake ya mwezi wa tatu, alicheka mpaka munkoyo ukampalia.

Julai ilikuwa habari nyingine. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo ni Mutomboko, ngoma ya ushindi ya Walunda, wakikumbuka safari ya mababu zao kutoka kwa mfalme Mwata Yamvo na nchi walizoshinda njiani. Wiki nzima kabla yake barabara ilifurika. Mwata alibebwa kwenye machela mabegani mwa wanaume, ngoma zikitangulia, akashushwa uwanjani na kucheza akiwa na upanga na shoka, mukonso wake, sketi ya kitambaa kingi kilichokunjwakunjwa, ukiyumba kila alipogeuka. Sisi tulitazama mukonso kwa macho ya wauza nguo, tukikadiria yadi. Mawaziri walikuja kutoka Lusaka, ndugu walikuja kutoka Lubumbashi, na kwa Mayo hapakuwa na pa kukaa wala pa kusimama. Siku hizo hakukopesha hata mtu mmoja. Alisema sherehe huleta watu wa siku moja, na daftari si la watu wa siku moja.

Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi ulifungwa ili samaki wazaliane, mvua zikapiga, malori yakapungua, na wazee wakapata nafasi ya kusikilizwa. Walizungumza juu ya samaki aitwaye mpumbu. Zamani, mvua za kwanza zikianza, mpumbu walipanda Luapula kutaga kwa makundi ambayo, kwa maneno yao, yaliufanya mto usikike. Wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga, ng'ambo ya Kongo, waliwanunua kwa barafu na malori kulisha wachimba shaba wa Elisabethville. Nyavu ziliwekwa mdomoni mwa mto, samaki wakakamatwa mayai yakiwa bado tumboni, na kufikia miaka ya 1950 mpumbu walikuwa wamekwisha kuporomoka. Hapo ndipo macho ya watu yalipoanza kushuka kutoka samaki mkubwa hadi mdogo, mpaka chisense. Mzee mmoja alimalizia kila mara kwa kuuliza: baada ya chisense tutashuka wapi?

Vita vya Kongo vilianza Agosti 1998, na kwa muda tulivisikia kwa mbali, kama bei ya mafuta. Desemba 2000 Pweto ilianguka mikononi mwa waasi na majeshi ya Rwanda. Watu walivuka kwa maelfu, raia na askari walioshindwa pamoja, wakaingia Zambia upande wa kaskazini wa ziwa. Karibu na Kawambwa palikuwa pamefunguliwa kambi ya Kala mwaka huo huo, na Kiswahili kikaanza kusikika sokoni kwa sauti za wanawake na watoto, wakati zamani kilikuwa cha mabaharia tu.

Katika wimbi hilo alikuja nahodha mmoja wa Pweto niliyemfahamu vizuri, mtu wa viti vya mgongo, mnunuzi wa raundi. Alifika kwa miguu, miguu yenyewe imefungwa vitambaa, bila boti, bila injini, bila karatasi. Wanaume wa chungu walinyamaza. Wengi walikuwa wanamdai, mjomba mmojawapo, vitenge vya mizigo miwili. Mayo alimletea maji, akamletea ugali wa muhogo, akamwacha amalize. Kisha akaleta daftari na kulifungua kwenye alama yake, kafi lililokatwa katikati.

Nilidhani anakwenda kumfutia. Hakufuta hata ngwee. Aliwasomea waliokuwepo ukurasa mzima kwa sauti: miaka yote aliyokopa, miezi yote aliyolipa, nani alimleta, na yeye aliwaleta akina nani. Alisoma kama karani wa mahakama. Alipomaliza akawageukia wenye boti wa Kashikishi waliokuwepo kwa ajili ya mwezi: "Huyu ana deni kubwa hapa. Mnafikiri mimi nakopesha mtu wa hivi hivi?" Mmoja akampa usukani wa boti yake wiki ile ile. Mkononi nahodha hakuwa na cheti, wala mtu wa serikali wa kumthibitisha, wala ndugu wa karibu. Alikuwa na deni lililoandikwa vizuri, na likamfanyia kazi yote hiyo. Alililipa kidogo kidogo, kwa safari, na mjomba alipokea fungu lake la mwisho la sabuni za Kongo akiwa amekwisha kulikatia tamaa.

Nimeishi baadaye katika miji ambako mtu hupimwa kwa kutodaiwa, na naelewa sababu. Lakini kwa Mayo kutodaiwa kulikuwa ni kutojulikana. Wafalme wa Kazembe waliwashika wageni kwa walinzi na kwa kuwachelewesha. Yeye aliwashika kwa penseli, na walishikwa wakipenda, maana aliyeshikwa naye alikuwa pia ameshikiliwa asianguke. Tofauti hiyo niliijua siku ya nahodha, na tangu hapo sijaona aibu kukopa kwa mtu anayeandika.

Mengi yamebadilika. Pantoni ya Chembe ilipisha daraja mwaka 2008, likapewa jina la Rais Levy Mwanawasa, na lori halisubiri tena. Mwaka 2013 kwacha ilikatwa sifuri tatu, ikawavuruga wazee hesabu. Mwansabombwe siku hizi ni wilaya, ina ofisi zake. Pesa zinatumwa kwa simu, na mvuvi aliye Kashikishi hulipwa kabla chisense hawajakauka. Wengine wanawasha taa za betri badala ya karabai. Mwezi mpevu peke yake ndio haujapata mshindani, na nasikia baa za bondeni bado zinajaa siku hizo.

Mjomba alistaafu kabla ya hayo yote. Magoti yalikataa malori. Vitenge vilivyobaki aliviuza Kawambwa kwa siku moja, lakini mali yake kubwa ilikuwa kwenye daftari: watu waliomdai na aliowadai kuanzia Chiengi hadi Mansa. Aliiuza hiyo nayo. Alimpata kijana wa Vwawa mwenye mtaji mdogo na subira, akamwuzia madeni yake yote kwa nusu ya thamani, na mimi nikapewa kazi ya kumpeleka.

Mayo alimtazama kijana juu hadi chini, akamwuliza kama anakunywa au ni wa munkoyo, akamkalisha kwenye chungu. Akafungua ukurasa wa mjomba, akapiga mstari chini yake, akahamishia majina ukurasa mpya, polepole, akimtajia kijana kila mmoja: huyu hulipa Mutomboko ikipita, huyu usimdai mbele ya mkewe, huyu analipa kwa samaki tu. Katikati, kwa penseli, akaandika jina langu kuwa ndiye niliyemleta. Halafu akamtoza chungu kile cha katubi, pamoja na munkoyo wa miaka miwili ambao mjomba, mtu wa hesabu safi, alikuwa ameondoka bila kuulipia.